Nafsi na Ndwele ya Kudumu: Mjadala wa Barazani

Homa humwangusha mtu kitandani kisha ikampisha, na jeraha likitunzwa hufunga. Bali ndwele ya kudumu haina siku ya kuagana, na aliyepatwa nayo hutakiwa awe muuguzi wa mwili wake mwenyewe kila asubuhi na kila jioni, akiwa katika furaha au katika msiba, nyumbani au safarini, mpaka mwisho wa umri wake. Kwa sababu hiyo swali la nafsi na mwili, ambalo wazima huwaachia wanafalsafa, kwa mwenye sukari, au pumu, au selimundu, ni swali la kila siku: hofu, jitimai, imani na matumaini vina sehemu gani katika kutibiwa kwake, na sehemu hiyo ikome wapi?

Nimelisikia likijadiliwa mara nyingi, aghalabu kwa hamaki kuliko kwa insafu, na nimeona vyema kuliandika kwa sauti za watu wanne walioketi barazani baada ya sala ya alasiri, katika mtaa wa Ngamiani mjini Tanga, kahawa ikipita. Majina yao siyataji, kwa kuwa kila mmoja nimemfanya aseme kwa niaba ya wengi. Tabibu ni mganga wa hospitali ya serikali. Maalim amefundisha chuoni umri mrefu na amesoma vitabu vya tiba vya Waarabu. Bi Mkubwa ana sukari tangu usichana wake. Na Kijana, aliyekuja mjini kutafuta kazi na kupanga chumba, aliambiwa mwaka jana kwamba anayo. Yeye ndiye aliyeanza, na hakuanza kwa upole.

KIJANA: Shikamooni wazee wangu. Mnisamehe, mimi nimechoka kuvutwa huku na huku. Shangazi yangu ananiambia kwamba sukari hii ni ya mawazo, nikiacha kuwaza itaondoka. Hospitali nikieleza kwamba nakosa usingizi kwa fikira, naambiwa fikira hazihusiki, nichome sindano. Nani msema kweli nimfuate?

TABIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mimi nitasema bila ya kupamba, kwa kuwa katika jambo hili maneno ya kupamba yamekwisha kuua watu. Sukari iliyokupata wewe, ya ujanani, imetokea kwa sababu kinga ya mwili wako imezigeukia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziangamiza. Hukuziua kwa mawazo, wala hutazifufua kwa utulivu. Zamani mtoto mwenye ndwele hii alikondeshwa kwa njaa makusudi, ili aishi miezi michache zaidi, kisha akafa, akawa na wazazi wenye imani au wasio nayo. Tarehe 11 Januari 1922, katika mji wa Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa sindano ya kwanza ya insulini iliyotolewa katika kongosho za wanyama. Dawa ilikuwa bado chafu, haikumfaa kitu cha maana. Wakarudi kuisafisha, na tarehe 23 ya mwezi ule ule wakamchoma tena, sukari yake ikateremka, naye akaishi miaka 13 mingine. Sasa nakuuliza: baina ya sindano ya kwanza na ya pili, ni mawazo ya mtoto yule yaliyobadilika, au ni dawa?

MAALIM: Hoja yako ina nguvu, Daktari, na asiyeikubali analikana jua mchana. Lakini umeithibitisha dawa, hukuibatilisha nafsi. Mimi juzi nilikuja kwako kupimwa shinikizo la damu. Uliponifunga kile kitambaa mkononi ukasoma, ulitikisa kichwa. Kisha ukaniambia, Maalim, kaa kitako kidogo, nyosha miguu, usizungumze, nitakupima tena. Ulipopima mara ya pili ilikuwa imeshuka. Hukunipa kidonge baina ya vipimo viwili. Nami nakurudishia swali lako: ni damu iliyobadilika, au ni mimi niliyeacha kukuogopa?

Hapa Tabibu alicheka kwa kukubali, kwa kuwa jambo lile hulijua kila mganga: wapo watu ambao shinikizo lao hupanda kwa kumwona daktari tu, nalo likipimwa nyumbani huonekana la kawaida, na mganga mwenye haraka, asiyempa mgonjwa wake dakika chache za kutulia, anaweza kumwandikia dawa ya maradhi asiyokuwa nayo.

MAALIM: Wala haya hayakuanza Ulaya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kushughulika na mwili peke yake, ilhali mwanadamu ni mchanganyiko wa viwili, na kimoja kikiuma huenda kikamwumiza mwenzake. Akashauri kwamba, kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa usiojulikana saa ya kuja, basi na aweke fikira njema akiwa na afya, ili azipate siku ya dhiki. Na Ibn Sina katika Kanuni yake alifundisha kuushika mshipa wa mkono wa mtu aliyedhoofu kwa mahaba na kumtajia majina, mpaka mpigo ubadilike kwa jina linalohusika. Watu hawa hawakuwa wapiga ramli, walikuwa matabibu wa kupima na kuandika.

TABIBU: Wala mimi sikusema kwamba nafsi haina mlango wa kuingilia mwilini. Mtu akishtuka au akikaa na ghamu siku nyingi, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, na ini hutoa sukari iliyoiweka akiba, kana kwamba mtu anajitayarisha kukimbia. Kwa mzima, insulini huifuata sukari hiyo ikaitawanya. Kwa mwenye sukari ya namna yako haiko ya kuifuata, ikabaki katika damu. Kwa hiyo, Kijana, aliyekwambia kwamba fikira hazihusiki kabisa alikosea, na pengine aliyesema hivyo ni mwenzangu mwenye wagonjwa wengi mlangoni. Na katika maumivu nafsi ina kazi kubwa zaidi. Mwaka 1978, katika San Francisco, watu waliong'olewa magego walipewa maji matupu wakidhani huenda ni dawa ya maumivu, na baadhi yao wakapata nafuu. Kisha wakapewa naloksoni, ambayo huzuia kazi ya afyuni mwilini, na maumivu yao yakazidi. Maana yake, ile nafuu haikuwa porojo. Mwili wenyewe, kwa kutarajia, ulikuwa umetengeneza kitu chake cha jamii ya afyuni.

MAALIM: Basi tumepatana.

TABIBU: Hatujapatana, Maalim, kwa kuwa palipobaki ndipo penye kaburi. Mwaka 2011 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza utafiti juu ya wagonjwa wa pumu. Kila mgonjwa alipewa kwa zamu, siku mbalimbali, pampu yenye dawa ya kufungua njia za hewa, pampu isiyo na dawa, sindano za Kichina za uongo, na siku nyingine hakupewa chochote. Walipoulizwa wanajionaje, walisema kwamba kwa dawa ya kweli hali yao ilitengenea kwa asilimia 50, kwa pampu tupu 45, kwa sindano za uongo 46, na bila ya kitu chochote 21. Ungesikiliza maneno yao tu, ungesema dawa na hewa tupu ni sawa. Lakini walipopuliza katika chombo kinachopima pumzi, dawa ya kweli ilikuwa imeiongeza kwa asilimia 20, na yale matatu mengine yote kwa asilimia 7 tu. Lizingatie jambo hili. Mgonjwa hakusema uongo, alijiona kweli amepata nafuu, na huku mirija ya pumzi yake imebana vile vile. Mtu wa namna hiyo akiridhika na nafuu yake akalala, huenda asiamke.

Nakiri kwamba katika hoja zote zilizotolewa barazani, hii ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote, nayo hukata pande mbili. Humwonya anayedhani kwamba kujisikia vizuri ni kupona. Na kadhalika humwonya mganga anayedhani kwamba akiisha kuziona tarakimu za mashine amemwona mgonjwa, kwa kuwa taabu ya mwenye pumu haimo katika mirija peke yake, imo pia katika hofu ya kukosa pumzi, na aliyemwondolea hofu hiyo amemtendea jambo la haki hata kama chombo hakilioni. Viwili hivi ni mizani mbili, na mwenye ndwele ya kudumu anahitaji kupimwa kwa zote.

KIJANA: Mwaka huo huo wa 2011 si ndio wa Babu wa Loliondo? Nilikuwa mtoto, nakumbuka majirani wakikodi magari.

TABIBU: Ndio. Na afadhali umetaja. Babu huyo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa kijiji cha Samunge, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti wa mugariga, kikombe kimoja kwa shilingi 500, na hakuna kurudia. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wapo waliotolewa vitandani hospitalini kupelekwa kule, na wapo waliofia njiani. Yatazame maradhi yaliyotajwa: ukimwi, sukari, shinikizo la damu, pumu, saratani. Walio wengi hawakwenda kwa ajili ya malaria. Walikwenda wale ambao sisi tuliwaambia kwamba dawa wataimeza maisha yao yote.

BI MKUBWA: Mimi nilikwenda.

Wote waligeuka. Bi Mkubwa alikuwa kimya tangu mwanzo, akishona kofia, na sauti yake haikuwa ya mtu anayejitetea.

BI MKUBWA: Nilikwenda, Daktari, na insulini yangu niliichukua. Nilitia maji baridi katika chupa ya chai, nikakifunga kichupa ndani ya mfuko wa plastiki nikakitumbukiza humo, na kila tulipopata maji nikayabadilisha. Tulipita Mto wa Mbu, tukapita Engaruka na Ngare Sero, vumbi jeupe mpaka kopeni, tukafika kwenye foleni tukakaa. Siku nyingi nimefikiri juu ya foleni ile. Watu waliulizana majina, kisha miji, kisha maradhi. Mwanamume aliyekaa mbele yangu alitaja ugonjwa wake kwa sauti, mbele ya mkewe na mbele yetu, ugonjwa ambao nyumbani kwake haukuwa ukitajwa hata kwa ishara, na hakuna aliyesogea mbali naye. Mama mmoja akampa nusu ya chapati yake. Mimi nilikuwa nimeishi na sukari tangu sijavunja ungo, nikichoma sindano chooni ili wakwe wasinione, na pale chini ya mwanga wa taa ya gari nilichoma sindano yangu mbele ya watu, na msichana akanishikia tochi. Kesho yake nikanywa kikombe. Usiku ule nililala usingizi mzito. Asubuhi nikapima, na sukari iko pale pale ilipokuwa.

MAALIM: Basi hukupona, lakini kuna kitu ulichopata.

BI MKUBWA: Nilikipata njiani, Maalim, kabla sijakifikia kikombe. Ila mwenzetu wa siti ya mbele alitupa vidonge vyake dirishani wakati wa kurudi, na gari zima likampigia makofi. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha. Sikutaka kulisema hili bila ya lile.

TABIBU: Na wewe, watu walikwambia nini ulipoendelea na sindano?

BI MKUBWA: Waliniambia kwamba ndiyo sababu sikupona. Kwamba nilikunywa kikombe huku nimeshika sindano, kwa hivyo imani yangu haikutimia. Hilo liliniuma kuliko safari. Nimechomwa sindano nyingi, mwanangu, lakini sijui sindano inayopenya kama kuambiwa kwamba unaumwa kwa sababu hukuamini vya kutosha, au kwa sababu unawaza sana, au kwa sababu una kinyongo moyoni. Kwanza kongosho haifanyi kazi, kisha unaambiwa na moyo wako nao haufanyi kazi.

TABIBU: Na sisi tuliosoma tumewahi kuifanya dhuluma hiyo. Miaka mingi mwenye vidonda vya tumbo aliambiwa kwamba vimetokana na wasiwasi na tabia yake ya kuhangaika, akaambiwa atulize moyo na anywe maziwa. Mpaka Barry Marshall na Robin Warren, wa Perth, Australia, walipoonyesha katika miaka ya 1980 kwamba aghalabu vinasababishwa na bakteria anayeishi tumboni. Marshall mwenyewe alimnywa bakteria huyo mwaka 1984, na utando wa ndani wa tumbo lake ukavimba. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobeli. Leo wengi wanapona kwa dawa za wiki mbili. Fikiri ni wangapi walioishi wakizilaumu nafsi zao kwa kosa la mdudu.

MAALIM: Hapo sina la kukupinga, na hao wanaomwambia mgonjwa kwamba imani yake imepungua wanasema neno ambalo hata sheria haikulisema. Mgonjwa amepewa rukhsa ya kutofunga Ramadhani. Hakuambiwa afunge na imani itamshibisha. Rukhsa hiyo ni kukiri kwamba mwili una haki zake, na kwamba mwenye kuugua si mwenye dhambi. Nimemwona mwenye sukari akifunga kwa kuona haya kwamba watu watamwona akinywa maji mchana, akaanguka saa tisa, na watu wakasema amezidiwa na ibada. Hakuzidiwa na ibada, alizidiwa na haya.

Neno hilo la haya lilikuwa na athari ambayo Maalim hakuikusudia, kwa kuwa Kijana, aliyekuwa akimtazama kila msemaji usoni, aliinamisha kichwa akaanza kukichezea kikombe cha kahawa. Bi Mkubwa ndiye aliyeona.

BI MKUBWA: Mwanangu, wewe sindano zako unaziweka wapi?

KIJANA: Chumbani.

BI MKUBWA: Chumbani mahali gani?

KIJANA: Sandukuni, Bibi. Chini ya nguo, nimefunga kwa kufuli. Mama mwenye nyumba akiziona atadhani najidunga unga, atanitoa. Na marafiki zangu hawajui, na kule ninakotaka kuposa hawajui.

BI MKUBWA: Na paa ni la nini?

KIJANA: Bati.

BI MKUBWA: Bila dari?

KIJANA: Bila dari.

Tabibu aliweka kikombe chini. Kila asomaye haya na aijuaye Tanga katika Januari na Februari hahitaji kuelezwa kwamba chumba cha bati kisicho dari, saa nane mchana, madirisha yamefungwa kwa kuwa mwenyewe yuko kazini, si mahali pa kuweka kitu kilichoandikwa juu ya boksi lake kwamba kihifadhiwe baridini.

TABIBU: Mimi nimekuongezea kipimo, ukarudi sukari iko juu, nikakuongezea tena. Nilidhani unakula halua kwa siri. Niliandika hivyo katika cheti chako, kwamba mgonjwa hafuati masharti. Kumbe masharti ya chakula unayafuata, na sindano unachoma, na unachokichoma kimekwisha nguvu kwa joto. Insulini iliyoharibika kwa joto mara nyingi huijui kwa macho.

KIJANA: Hukuniuliza naiweka wapi, Daktari.

TABIBU: Sikukuuliza.

MAALIM: Basi mimi na wewe, Daktari, tumeshindana tangu alasiri juu ya mahali nafsi inapogusa mwili, tukapita Boston na kwa Ibn Sina, na hapa haya ya mtoto huyu imeingia ndani ya kichupa cha dawa na kuibatilisha.

TABIBU: Hilo nalikubali, Maalim, kwa namna uliyolisema wewe na si kwa namna ya Samunge. Mtu huyu hatapona kwa kuondolewa haya. Lakini asipoondolewa, dawa yangu haitamfikia.

Mabishano yao juu ya Samunge hayakwisha, na sidhani yatakwisha karibuni. Maalim alishikilia kwamba watu wale walifuata kitu cha kweli ambacho hospitali zetu hazina, yaani kukaa pamoja na kusikilizwa. Tabibu akashikilia kwamba kitu hicho kingeweza kupatikana bila ya mtu kutupa vidonge vyake dirishani, na kwamba kliniki za sukari ambako wagonjwa hukaa pamoja, wakafundishana namna ya kujichoma na kula, zinakitoa kwa salama. Kwa upande wangu namwona Tabibu ana haki katika hili, ila kliniki za namna hiyo ni chache, na katika nyingi ya zile nilizoziona watu hukaa katika mabenchi wakitazama mlango, wala hakuna aliyemwuliza jirani yake habari. Kazi ya kuwafanya waulizane si ya gharama kubwa, na wauguzi wetu wangeweza kuianza bila ya kungoja amri kutoka wizarani.

BI MKUBWA: Wewe mwanangu, hapana haja ya friji. Nunua vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine, katikati tia mchanga, na mchanga uumwagie maji asubuhi na jioni. Kichupa kifunge ndani ya mfuko usiopenya maji, ukiweke chungu cha ndani, ufunike kwa kitambaa kibichi. Kiweke kivulini penye upepo, si chumbani kwako. Kiweke kwangu hata ukizoea.

MAALIM: Na mama mwenye nyumba ni jirani yangu wa miaka. Tutakwenda pamoja kumweleza, wewe useme mwenyewe, mimi nitakaa tu.

KIJANA: Na kwa wakwe?

MAALIM: Hao nao wataambiwa kabla ya posa, si baada yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ndoa nayo humuumbua.

TABIBU: Yote hayo ni mema, lakini kuna jambo la hatari ambalo haliwezi kungoja. Kipimo unachochoma sasa nilikipandisha juu ya dawa iliyokufa. Ukipata kichupa kizima leo ukachoma kipimo hicho hicho, sukari itakuporomoka usiku. Utatoka jasho la baridi, utatetemeka, utachanganyikiwa, na huko chumbani hakuna anayejua una nini. Kwa hiyo kile cha sandukuni hutakigusa tena. Tukitoka hapa tunakwenda wote wawili hospitalini, nitakupa kichupa kipya na kipimo kidogo cha kuanzia, na usiku wa leo hulali peke yako. Bi Mkubwa, una nafasi nyumbani?

BI MKUBWA: Ninayo. Na soda ya sukari ninayo, na usiku wa manane nitamwamsha apime.

TABIBU: Kesho asubuhi uje kabla hujanywa chai. Uje na kile cheti nilichokiandika, niyafute yale maneno.